Vijana wa Mlimani walioiamini kesho

Jumamosi ya Oktoba 22, 1966, wanafunzi mia kadhaa wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Wengi walitoka Mlimani, chuo kikuu ambacho kilikuwa na umri wa miaka mitano tu, na baadhi yao walitinga majoho ya kitaaluma kana kwamba wanakwenda mahafali. Shida yao ilikuwa Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wasomi wote walitumikie kwa miaka miwili: kwanza kambini, kisha miezi 18 katika kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai kuwa maisha yalikuwa bora zaidi enzi za mkoloni.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza wakisoma madai yao hadi mwisho. Kisha akaghadhibika, na wote waliokuwapo walimwona. Kama shida ni mishahara, alisema, basi mishahara yote ni mikubwa mno, kuanzia wa kwake. Alikata wa kwake na ya viongozi wa juu kwa asilimia 20. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao vijijini, wakae na wazazi ambao kodi na jasho lao ndivyo vilivyowasomesha. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Sitta, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Miezi mitatu na nusu tu baadaye, Februari 5, 1967, Azimio la Arusha, tamko la chama tawala la kujenga ujamaa, lilitangazwa. Wanahistoria wengi huyaunganisha matukio haya mawili, nami naona wana haki. Siku ile Mwalimu aliwaona wasomi wa taifa changa wakijipanga kuwa tabaka la wakubwa, na Azimio likaja na masharti ya kumzuia kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, hisa katika kampuni wala mishahara miwili.

Chuo kiliporudi kwenye utulivu, kizazi kingine kilikuwa kimeingia madarasani. Hawa waliliamini Azimio kuliko walioliandika. Mwaka 1967 walianzisha chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, USARF, na mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Dar es Salaam ya siku hizo ilikuwa makao ya FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, na ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Mtu aliyetaka kuzungumza na wapigania uhuru hakuhitaji pasipoti. Jumapili, wakati wenzao wakipumzika, vijana hawa walikutana kusoma Marx, Lenin na Fanon, na Walter Rodney, mhadhiri kijana kutoka Guyana, alikuwa karibu nao. Mwaka 1968 Museveni na wenzake walivuka mpaka na kuingia maeneo ya Msumbiji yaliyokwisha kukombolewa, wajionee vita kwa macho yao.

Mwaka huohuo wa 1968 walijitokeza kupinga Siku ya Matambara. Ulikuwa mchezo ulioletwa kutoka vyuo vya Uingereza: wanafunzi huvaa matambara, wakapita mjini wakichekesha watu na kuchangisha fedha za hisani. Kwa vijana wa USARF, msomi anayelipiwa kila kitu na wakulima hawezi kuvaa umaskini wao kama vazi la maigizo. Waliuzuia msafara. Ukitaka kukijua kizazi hiki, kitazame hapo. Hawakuwa na njaa ya vyeo. Waliona haya kwa niaba ya wengine, na waliichukulia nadharia kwa uzito kiasi cha kukubali kuchukiwa na wenzao wa bwenini.

Jarida lao, Cheche, lilianza mwaka 1969. Jina lilitokana na Iskra ya Lenin na The Spark ya Nkrumah. Lilichapwa kwa taipu na kurudufiwa kwa mashine, na mmoja wa wahariri wake alikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati. Mwaka 1970 toleo zima maalumu lilipewa insha moja ya Issa Shivji, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 25. Shivji aliuliza swali ambalo wakubwa hawakutaka kulisikia: baada ya mabenki na viwanda kutaifishwa, nani hasa anavishika? Jibu lake lilikuwa kwamba tabaka jipya la watendaji wa dola linaota mizizi chini ya kivuli cha ujamaa.

Novemba 1970, Cheche na USARF vyote vilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe na haihitaji itikadi za kuazima. Mwaka uliofuata, Julai 1971, rais wa serikali ya wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni na Kikosi cha Kutuliza Ghasia.

Halafu ikaja Machi 5, 1978. Wanafunzi waliandamana tena kuelekea mjini, safari hii wakipinga nyongeza za mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Yale ambayo Mwalimu aliwaambia kaka zao mwaka 1966, kwamba viongozi na wasomi wasijinenepeshe kwa jasho la mkulima, ndiyo waliyokuwa wakiyasema. Walikutana na polisi na mabomu ya machozi, na mamia yao wakafukuzwa. Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado inaniuma. Wa 1966 waliadhibiwa kwa ubinafsi. Wa 1970 kwa kuupenda ujamaa kupita kiasi. Wa 1978 kwa kumkumbusha mwenye nyumba maneno yake mwenyewe. Maoni yao yalipingana, lakini adhabu zilifanana.

Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala kiliyalegeza masharti ya uongozi ya Azimio, na mwiko wa nyumba za kupangisha na mishahara miwili ukaisha. Museveni, aliyeingia madarakani Januari 1986 baada ya vita vya msituni, alishuhudia katiba ya nchi yake ikifutiwa ukomo wa mihula mwaka 2005 na ukomo wa umri wa rais mwaka 2017. Wapo wanaotosheka na ushahidi huo. Husema kwamba historia haiendi mbele, kwamba mwanamapinduzi wa leo ni mfalme wa kesho, na kijana mwenye hasira anasubiri tu zamu yake mezani.

Siwakubalii. Kwanza, dau kubwa ambalo vijana wale waliliweka mwaka 1968 lilishinda: Msumbiji ilijitawala mwaka 1975, Zimbabwe 1980, na mwaka 1994 watu weusi wa Afrika Kusini wakapiga kura. Wakati ule wakubwa wengi wa dunia waliziona hizo kuwa ndoto. Pili, darasa lilelile la Jumapili halikumtoa Museveni peke yake. Rodney alirudi Guyana na kuuawa kwa bomu mwaka 1980, akiwa bado anaandamana na wafanyakazi. Hirji aliendelea kufundisha na kuandika. Shivji alibaki Mlimani akifundisha sheria, akiwatetea wakulima katika suala la ardhi, na mwaka 2020 yeye, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa wasifu wa Mwalimu katika juzuu tatu, wenye heshima kwake na usiomficha makosa yake.

Kilichoshindwa kilikuwa hapa nyumbani, na kina tarehe na sahihi za watu. Chama kiliwaambia vijana walinde ujamaa, kisha kikawanyang'anya mashine ya kurudufia. Azimio lilipokuja kuguswa mwaka 1991, hapakuwa na umoja wa wanafunzi ulio huru wala jarida la kulitetea, kwa sababu vyote viwili vilikuwa vimefungwa na chama kilekile kilicholiandika. Hirji amechapisha kumbukumbu zake za Cheche hapa Dar es Salaam, na mwanafunzi wa leo anaweza kusoma jinsi jarida lile lilivyozimwa, na nani alikuwa kimya lilipokuwa likizimwa.