Madoa meusi kwenye granaiti siyo dhahabu

Wadau, dogo mmoja wa machimboni Geita kaniuliza kama madoa meusi ndani ya granaiti ni dalili ya dhahabu. Wapi! Granaiti zetu za Usukumani, Shinyanga ikiwemo, zina miaka zaidi ya bilioni 2.5. Zilianza kama magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Mara nyingi magma nyeusi, ya moto zaidi, huingia kwenye nyeupe na kuganda kabla haijachanganyika vizuri: ndo hayo mabonge. Nyeupe hupoa taratibu mno, chembe zinakua mpaka unaziona: kwatzi, feldispa, mika. Hiyo mika inayong'aa ilishaniponza hata mimi, nikabeba kiroba kizima hadi mjini! Ichokonoe kwa sindano: mika inabanduka, dhahabu inabonyea tu.