Umeme Hauzibi Tundu

Mwaka 1963 daktari mpasuaji wa Exeter, Uingereza, K. P. S. Caldwell, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu kifaa alichokipandikiza mwilini ili umeme ubane msuli unaofunga njia ya haja. Msuli umelegea, basi uchokozwe ukaze. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Emil Tanagho na Richard Schmidt wa San Francisco waliuacha msuli wakazifuata neva zinazochomoza chini ya uti wa mgongo, zinazopeleka na kuleta habari za kibofu. Kibofu kisichotaka kungoja kikatulia. Marekani ilikiidhinisha kifaa chao mwaka 1997, betri ikizikwa chini ya ngozi. Bei ni maelfu ya dola. Huku Nchelenge, Zambia, tusikitaje kabisa.

Mbinu ya Marshall Stoller, naye wa San Francisco, ina unafuu. Neva inayopita nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, ina mizizi pamoja na neva za kibofu. Huchomwa sindano nyembamba hapo na kupitishiwa umeme mdogo, nusu saa kila wiki, kwa wiki 12.

Ila kwa mwanamke wa Chisenga anayevuja mkojo, kwanza ijulikane mkojo unapita wapi. Chisenga ni kisiwa cha hapa Nchelenge. Uchungu ukikwama, mjamzito avushwe kwa boti hadi ng'ambo, kwenye hospitali ya misheni ya St. Paul's, Kashikishi. Ziwa Mweru likichafuka, atangoja. Kichwa cha mtoto kikigandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga siku nzima au mbili, nyama hukosa damu na kufa, pakabaki tundu: fistula. Mwenye fistula hulowa usiku na mchana, na hakuna umeme utakaomsaidia. Anahitaji kushonwa.

Ushonaji huo una historia chungu. Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alijifunzia kwa wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Mmoja wao, Anarcha, peke yake alipasuliwa mara 30 hivi. Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018, na kwa maoni yangu ilichelewa. Madaktari Reginald na Catherine Hamlin walifika Addis Ababa mwaka 1959, wakafungua hospitali ya fistula mwaka 1974. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ilianza mwaka 2009 kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa, kwani matibabu ya bure hayamfikii asiye na nauli.

Tundu likishazibwa, baadhi bado huvuja. Aliyelegea mlango wa kibofu hupewa mazoezi ya nyonga au upasuaji mwingine. Anayebanwa ghafla anaweza kujaribu umeme wa kifundoni, tena bila sindano: kuna vibandiko vya kuweka juu ya ngozi, vya mashine ileile wanayotumia wataalamu wa fiziotherapia kwa maumivu ya mgongo. Akifundishwa, atajitibu mwenyewe nyumbani bila kupanda boti kila wiki.