Espreso bila umeme: vifaa vya mkono vinavyofanya kazi, na mkulima wa kahawa anavyoweza kuvitumia

Tangu tulipozungumzia bei ya maganda katika kipindi cha jioni, swali moja limekuwa likirudi kwenye simu ya studio. Wasikilizaji wanauliza: hiyo espreso ambayo wanunuzi wa nje wanasema kahawa yetu inaenda kutengenezea ni kitu gani? Na je, mtu aliye kijijini, asiye na mashine wala umeme wa uhakika, anaweza kuitengeneza akaionja? Inawezekana. Vipo vifaa vidogo vya mkono vinavyofanya kazi hiyo, vingine vinaingia kwenye mfuko wa koti. Lakini kabla hujatoa pesa yako, kuna mambo ya kuyajua.

Kwanza, espreso si aina ya mbegu wala si chapa ya kampuni. Ni namna ya kuitoa kahawa. Sisi tumezoea kuichemsha kahawa kwenye birika au sufuria, na kule pwani wauza kahawa wanaipika kwenye dele juu ya mkaa. Njia hizo zote zinategemea moto na muda. Espreso inategemea nguvu ya kusukuma. Kahawa inasagwa laini sana, inashindiliwa kwenye kikombe kidogo chenye matundu, halafu maji ya moto yanalazimishwa kupita katikati yake kwa nusu dakika au pungufu. Kinachotoka ni kidogo, kizito, na juu yake kuna povu la rangi ya hudhurungi.

Jina hilo ni la Kiitaliano, na Waitaliano ndio walioikuza. Angelo Moriondo wa mji wa Torino alipata hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milano akafuata na ya kwake mwaka 1901. Mashine hizo zilisukuma maji kwa mvuke, na nguvu ya mvuke ni ndogo. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Achille Gaggia, pia wa Milano, ambaye miaka ya 1940 alileta sokoni mashine ya wenzo na pistoni. Mhudumu alivuta wenzo kwa mkono, springi ikasukuma maji kwa nguvu, na hapo ndipo lile povu lilipoonekana. Kwa hiyo anayetumia kifaa cha mkono leo hafanyi kitu cha ajabu. Espreso yenye povu ilianza kwa mkono.

Nguvu inayohitajika ni kiasi gani?

Mgandamizo huu hupimwa kwa kipimo kinachoitwa baa (si ile ya pombe). Baa 1 ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa inayotuzunguka tukiwa usawa wa bahari. Tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na ushei. Espreso ya kawaida hutengenezwa kwa baa 9. Taasisi ya Italia inayothibitisha ubora wa espreso imeweka vipimo vyake karibu na hivi: kahawa gramu 7, maji ya nyuzi 88, baa 9, sekunde 25, na mililita 25 ndani ya kikombe. Hizo mililita 25 ni chini ya vijiko viwili vya chakula. Anayetarajia kujaza kikombe cha chai atasikitika.

Sasa, mkono wa binadamu unawezaje kufikia baa 9? Hapa kuna hesabu tunayoipenda. Kikombe cha kahawa cha mashine za hotelini kina upana wa milimita 58. Kuusukuma uso wote huo kwa baa 9 unahitaji uzito wa takriban kilo 240, yaani magunia mawili ya kilo mia na zaidi. Hakuna mkono utakaoweza. Lakini pistoni ikiwa nyembamba, yenye uso wa sentimita moja ya mraba tu, kilo 9 zinatosha, na hizo hata mtoto wa sekondari anazisukuma. Ndiyo sababu vifaa vidogo vina pampu nyembamba unayoibonyeza mara nyingi, kama pampu ya baiskeli. Vile vikubwa vya mezani vina wenzo mrefu, na wenzo unazidisha nguvu yako kama mtaimbo unavyong'oa jiwe.

Vifaa vyenyewe ni vya namna tatu. Vya pampu ndogo ndivyo vya safari, mfano Nanopresso, ambayo inachukua gramu 8 za kahawa na mililita 80 za maji. Vya wenzo, kama Flair na ROK, ni vizito na vinakaa mezani, ila kahawa yake hukaribia sana ile ya hotelini. Kisha kuna vile ambavyo wauzaji huviita vya espreso wakati sivyo. Birika la Moka, lililobuniwa Italia mwaka 1933 na linalojulikana kwa kampuni ya Bialetti, husukuma maji kwa mvuke wa jikoni, na mgandamizo wake ni baa 1 hadi 2. AeroPress, bomba la plastiki lililobuniwa na Mmarekani Alan Adler na kuingia sokoni mwaka 2005, ni dogo zaidi ya hapo. Zote mbili zinatoa kahawa nzuri na kali. Birika la Moka hasa tunalipendekeza kwa nyumba yenye jiko la mkaa, kwa sababu halina cha kuharibika zaidi ya raba moja na vali. Ila ukiuziwa kwa maelezo kwamba ni espreso kamili, jua muuzaji anakuongezea chumvi.

Kahawa yenyewe inaanzia wapi

Wengi wanaonunua kifaa hiki wanalalamika kwamba kahawa inatoka maji maji. Mara nyingi kifaa hakina kosa. Kosa ni usagaji.

Tuanze na mkulima mwenye maganda yake. Maganda yakaushwe vizuri mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 12 hivi, kisha uyakoboe na kuchagua: punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika weka kando. Kaanga kwenye kikaango kizito, moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha. Kati ya dakika ya nane na ya kumi na mbili, kutegemea moto wako, utasikia punje zinapasuka kama bisi. Mlio huo wa kwanza ukiisha, endelea dakika moja au mbili mpaka rangi iwe ya chokoleti, kisha mwaga kwenye ungo na upepete ipoe haraka. Ukingoja mpaka iwe nyeusi na kuvuja mafuta, utaonja mkaa tu, na hutajua kahawa yako ni nzuri au mbaya.

Usiisage siku hiyo hiyo. Kahawa iliyotoka kukaangwa imejaa hewa ya kaboni, na kwenye espreso hewa hiyo huleta mapovu makubwa yanayosukuma maji ovyo. Iache siku nne au tano ndani ya chombo kilichofunikwa. Hewa inayobaki ndiyo inayochanganyika na mafuta ya kahawa na kutengeneza lile povu, kwa hiyo usiiache miezi pia.

Kinu na mchi vitakupa unga, lakini unga usiolingana: vumbi limechanganyika na chenga. Maji ya moto yakisukumwa kwa nguvu hutafuta njia rahisi, yanachimba mfereji penye chenga na kuacha sehemu nyingine kavu, kama mvua inavyokata barabara ya vumbi. Mashine ndogo ya kusagia ya kuzungusha kwa mkono ndiyo dawa. Ikikosekana, twanga, chekecha kwa chekeche la unga, rudisha chenga kinuni, rudia mpaka upate unga unaofanana na chumvi laini ya mezani. Ukiufikicha kati ya vidole usikie chembechembe kidogo. Ukilainika kama unga wa sembe, umezidi, na pampu itagoma.

Kuitengeneza, hatua kwa hatua

Tunaeleza hapa kifaa cha pampu, kwa kuwa ndicho kinachobebeka shambani.

Chemsha maji. Katika maelekezo ya kizungu utasoma kwamba uyaache yapoe kwanza. Maelekezo hayo yaliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300 unazopanda. Bukoba mjini, mita 1,100 na zaidi, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na kule milimani Karagwe ni chini ya hapo. Ukimimina kwenye kifaa cha baridi, hupoteza nyuzi nyingine kadhaa. Kwa hiyo kwetu huku tumia maji yanayochemka moja kwa moja. Kama uko shambani au ziwani, chupa ya chai inayotunza joto vizuri inatosha kwa saa moja au mbili, baada ya hapo kahawa itatoka chachu.

Pitisha maji ya moto ndani ya kifaa mara moja bila kahawa ili kipate joto, kisha yamwage. Jaza kahawa kwa kijiko kinachokuja na kifaa, isawazishe, ishindilie kwa mgongo wa kijiko mpaka uso uwe bapa, futa unga uliobaki pembeni, funga kwa kukaza. Mimina maji mpaka kwenye alama, yasipite. Bonyeza pampu taratibu mara kadhaa mpaka tone la kwanza litoke, kisha pumzika sekunde tano ili kahawa ilowane yote. Endelea kwa mwendo wa kulingana. Kahawa itoke kama uzi mwembamba wa asali, na ikianza kuwa nyeupe-njano, acha. Kinachotoka baada ya hapo ni uchungu usio na faida.

Ukionja ikawa chachu na nyepesi, saga laini zaidi au ongeza joto. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, saga nene kidogo au acha mapema. Badilisha jambo moja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Hapa tuombe umakini. Pampu ikigoma kabisa, usiifungue palepale kuangalia kuna nini. Ndani kuna maji ya moto yaliyobanwa, na yakipata upenyo yataruka usoni. Weka kifaa chini, subiri mpaka kipoe, ndipo ufungue. Usiweke maziwa ndani ya pampu, usiweke kifaa cha plastiki juu ya moto, na watoto wasipewe kuchezea.

Ina faida gani kwa mkulima?

Robusta ya Kagera ina nafasi yake katika espreso. Waitaliano, hasa wa kusini, huchanganya robusta na arabika kwa sababu robusta inaongeza povu na uzito mdomoni. Kwa hiyo ukionja robusta yako kwa njia hii unaonja karibu na vile anavyoonja mnywaji wa mwisho, na espreso haifichi kitu. Kahawa iliyokwanyuliwa ikiwa kijani itakukwaruza kooni. Iliyoanikwa chini kwenye udongo inanuka udongo. Iliyolundikwa ikavunda, utaijua kwenye funda la kwanza. Mkulima aliyeuza kwa butura, kahawa ikiwa bado maua, hawezi kuwa na hoja hiyo mkononi. Mwenye chama cha msingi anayeweza kukionjesha kikundi kahawa mbili, ya matunda mekundu na ya mchanganyiko, hahitaji semina ndefu kueleza tofauti.

Hata hivyo tusidanganyane. Bei ya vifaa hivi ni makumi ya dola za Marekani kabla ya usafiri na ushuru, na vya wenzo hufika mamia. Kwa kaya moja hatuoni maana yake. Kwa kikundi au chama kinachochangia kimoja, inaeleweka. Na kama lengo ni kujua ubora tu, waonjaji wa kahawa wenyewe hawatumii espreso kila mara: huweka gramu 8 na kidogo za kahawa iliyosagwa nene kwenye bakuli, humimina mililita 150 za maji ya moto, husubiri dakika nne, huvunja utando wa juu kwa kijiko, huacha ipoe kiasi, kisha huvuta kwa sauti. Hiyo haigharimu chochote zaidi ya bakuli na mizani.

Jambo la afya. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Gramu 8 za robusta zina miligramu 150 hivi za kafeini, na sehemu kubwa inaingia kwenye kile kikombe kidogo. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku kupunguza. Vikombe viwili vya robusta vinakufikisha karibu na hapo, bila kuhesabu chai.

Ukimaliza, toa makapi, suuza kila sehemu kwa maji ya moto bila sabuni nyingi, na uache vikauke vikiwa wazi. Kinachochakaa kwanza ni raba za kuzuia maji, kwa hiyo muulize muuzaji kama raba za akiba zinapatikana kabla hujalipa. Makapi yapeleke kwenye mboji au chini ya migomba.