Benchi la ufundi: Nani hufanya kazi gani?

MASHABIKI wanaofika katika Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya, au Samora mjini Iringa, humsifu kocha mkuu timu inaposhinda na kumlaumu yeye huyo huyo inapofungwa. Hata hivyo, matokeo huandaliwa na benchi zima la ufundi, na uimara wa benchi hilo hutegemea mgawanyo wa kazi.

Kocha mkuu huchagua mfumo wa uchezaji na kikosi cha kwanza. Msaidizi wake huendesha sehemu kubwa ya mazoezi, na mara nyingi hukabidhiwa idara moja, ulinzi au ushambuliaji. Yeye pia ndiye kiungo kati ya kocha na wachezaji, hasa wale wasiopangwa.

Kocha wa makipa hufanya kazi na watu wachache, lakini ni kazi isiyokaimiwa kirahisi. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo mpira wa mbali hupungua kasi kidogo kuliko Dar es Salaam, na kipa aliyezoea pwani anahitaji kuandaliwa kwa hilo. Kocha wa viungo hupanga uzito wa mazoezi, akishauriana na daktari wa timu.

Mipira iliyokufa

Eneo linalosahaulika mara kwa mara ni kona, mipira ya adhabu na mipira ya kurusha. Katika futiboli ya Kimarekani inayochezwa vyuoni, vikosi maalumu vya kupiga na kupokea mipira ya namna hiyo huwa na mwalimu wao. Mwaka 2018 kila timu ya daraja la juu vyuoni iliruhusiwa wasaidizi 10 badala ya tisa. Katika soka, Brentford ya Uingereza ilimchukua Gianni Vio kwa kazi hiyo mwaka 2015, na Arsenal ikamchukua Nicolas Jover mwaka 2021.

Klabu yenye benchi dogo haihitaji kuajiri mtu mwingine. Inatosha msaidizi mmoja atajwe kuwa mwenye dhamana: nani anapiga, nani anakaba mlingoti wa karibu, nani anabaki nyuma kuzuia shambulizi la kushtukiza. Kazi hiyo ikiachwa kwa wote, bao likiingia kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyepaswa kuwapanga wachezaji.

Siku ya mchezo

Sheria za soka huruhusu mtu mmoja tu kwa wakati kutoa maelekezo ya kiufundi akiwa amesimama katika eneo la benchi. Tangu msimu wa 2019/20, mwamuzi anaweza kuwaonyesha kadi viongozi wa benchi, na mkosaji asipotambulika, kadi humwangukia kocha mwenye cheo cha juu aliyepo. Kwa hiyo ni lazima ijulikane mapema nani atasimama kocha mkuu akitolewa.

Msaidizi huonekana umuhimu wake zaidi kocha mkuu anapoondoka. Juma Mwambusi, aliyeiongoza Mbeya City kushika nafasi ya tatu katika Ligi Kuu msimu wa 2013/14, alikwenda Yanga mwaka 2015 kuwa msaidizi. Selemani Matola, aliyeinoa Lipuli ya Iringa iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, alikuwa msaidizi Simba kabla mwaka huo haujaisha. Klabu hizo kubwa ziliwahitaji kando ya makocha wa kigeni kwa kuwa wanaijua ligi, viwanja na wachezaji wake.

Klabu za Nyanda za Juu Kusini huendelea kuwapoteza walimu wa aina hiyo. Iwapo majukumu yameandikwa na msaidizi amezoeshwa kuamua, mazoezi ya Jumatatu huendelea kama yalivyopangwa. La sivyo, timu huanza upya katikati ya msimu, na pointi zinazopotea hapo ndizo huiteremsha daraja.