Kimbunga cha Unguja, Mwaka 1872

Mtu akitaka kujua kwa nini karafuu nyingi hutoka Pemba wala si Unguja, na aanze na tarehe 15 Aprili 1872. Siku ile kimbunga kiliipiga Unguja na mrima ulio mbele yake, kikaharibu kazi ya miaka arobaini na zaidi.

Yafaa kwanza tueleze jinsi kimbunga kifanyikavyo, maana wengi hudhani ni upepo wa kawaida uliozidi nguvu tu, sivyo. Katika Bahari ya Hindi, kusini ya ikweta, maji hupata joto sana tangu Novemba hata Aprili. Hewa iliyo juu yake hupata joto na unyevu, hupanda, na mvuke wake ukigeuka mawingu na mvua hutoa joto jingine, nalo huzidi kuivuta hewa ya chini. Hewa ya pande zote hukimbilia mahali pale. Lakini kwa kuwa dunia yazunguka, haiendi moja kwa moja, bali hupinda, ikawa kama pia kubwa. Upande wetu pia hiyo huzunguka kama mishale ya saa. Katikati mna jicho, mahali pa utulivu. Basi kimbunga kikienda magharibi, walio mbele yake hupigwa kwanza na upepo wa kusini. Jicho likiwapitia hudhani mambo yamekwisha, wakatoka nje. Kisha upepo hurudi kwa nguvu kutoka kaskazini, na nyumba iliyolegea hapo kwanza ndipo huanguka.

Karibu na ikweta nguvu ile ya kupinda ni haba, ndiyo sababu vimbunga vingi huelekea Madagaska na Msumbiji. Lakini mara chache si kamwe: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia.

Turudi Unguja. Aprili ni masika. Kaskazi imekatika, kusi yaanza, na mvua kubwa haimshangazi mtu. Bandari ilikuwa na vyombo vingi, na karibu vyote vilizama au vilitupwa pwani, pamoja na merikebu za Sayyid Barghash, aliyekuwa ametawala tangu 1870. Minazi ilikatika na kung'oka. Mikarafuu, ambayo mizizi yake haivumilii upepo wa namna ile, ililala mashamba kwa mashamba. Husemwa yapata theluthi mbili iliangamia. Bagamoyo, misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzwa 1868 na kulea watumwa waliokombolewa, ilibomolewa majengo yake, ikawapasa kuanza tena. Stanley, akirudi kutoka kwa Livingstone, alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei, naye aliukuta uharibifu huo waziwazi.

Pemba haikuguswa sana. Nyumba hujengwa tena kwa miezi, lakini mkarafuu hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakapanda miche kwa wingi.

Ni nani aliyeipanda? Hapa ndipo habari hii inapokuwa chungu. Januari 1873 Sir Bartle Frere alikuja Unguja kumtaka Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Sayyid akatoa udhuru wa kimbunga: nchi imekwisha kupata hasara, itawezaje kupata na ya pili? Frere akaondoka bila sahihi. Mwisho Dakta Kirk alimwonya kwamba manowari zitaifunga bandari, naye akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Soko la Mkunazini likafungwa, na Krismasi ya mwaka uleule liliwekwa pale jiwe la msingi la kanisa.

Udhuru wa Sayyid haukuwa uongo. Hasara ilikuwa kubwa kweli. Lakini waliokuwa hawana udhuru wo wote ni watumwa wenyewe. Mkataba ulipokwisha kutiwa sahihi, majahazi yaliendelea kuwavusha usiku mpaka Pemba kwa siri, kwa kuwa mashamba mapya yalitaka mikono, na manowari za Kiingereza zikawa na kazi ya miaka mingi ya kuyavizia katika mikondo ya kisiwa kile.

Barghash aliagiza Uingereza merikebu mpya badala ya zile zilizozama, ikaitwa Glasgow. Nayo ilizamishwa kwa mizinga ya Waingereza katika bandari ileile, tarehe 27 Agosti 1896.