Kipeperushi Anachoweza Kusoma Mzee

Redioni tunaweza kulirudia tangazo. Kwenye karatasi mzee hubaki na macho yake tu. Kuanzia miaka ya 40 hivi, kusoma kwa karibu huwa kugumu. Baadaye lenzi ya jicho hugeuka manjano, na buluu na kijani huanza kufanana.

Kwa hiyo tumieni herufi za pointi 14 au zaidi, nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Picha imwonyeshe mzee mwenye heshima zake, si wa kuhurumiwa. Bei na masharti visifichwe chini kwa herufi ndogo: asiyeweza kuyasoma anaweza kutia sahihi deni asilolijua.

Kabla ya kuchapa, mpeni mzee mmoja awasomee kwa sauti. Anapokwama, rekebisheni.