Rai, Mahindi na Kimea: Nafaka za Wiski ya Wakulima wa Marekani

Wakulima waliovuka milima ya Allegheny katika karne ya 18 na kulowea magharibi mwa Pennsylvania, wengi wao wakiwa na asili ya Scotland na kaskazini mwa Ireland, walikuja na ujuzi wa kukeneka, yaani kuchemsha pombe ya nafaka na kuupoza mvuke wake hadi uwe kileo kikali. Kwao nafaka ya wiski ilikuwa shayiri, lakini ugenini waliegemea zaidi rai, nafaka ya jamii ya ngano inayostahimili baridi na ardhi hafifu.

Unafuu wa nafaka, hata hivyo, haukupimwa shambani peke yake. Farasi aliyeweza kuvusha milimani takriban busheli 4 za rai (busheli moja ni kama lita 35) alibeba thamani ya busheli 24 iwapo rai hiyo ilikwisha kugeuzwa wiski, na kwa sababu sarafu zilikuwa adimu, wiski hiyohiyo ilitumika kulipia bidhaa na vibarua. Ndiyo maana ushuru wa wiski wa 1791, uliobuniwa na Waziri wa Fedha Alexander Hamilton na kudaiwa kwa fedha taslimu, uliwachoma mno wakulima hao; uasi uliofuata ulizimwa mwaka 1794, Rais George Washington alipokusanya wanamgambo wapatao 13,000, na ushuru wenyewe ukafutwa mwaka 1802.

Kentucky, penye ardhi yenye rutuba, mahindi yalizaa kuliko rai na yakawa ndiyo nafaka rahisi. Tatizo lake ni kwamba wanga hauchachuki mpaka ugeuke sukari, na mahindi makavu hayana uwezo huo. Hivyo yalihitaji kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa, ikaoteshwa na kukaushwa, ambayo vimeng'enya vyake huuvunja wanga. Kwa kuwa kuandaa kimea kulikula muda na kuni, kilitiwa kidogo tu. Hata Washington, ambaye hakuwa maskini, aliposhawishiwa mwaka 1797 na msimamizi wake Mskoti, James Anderson, kuanzisha mtambo wa kukeneka shambani kwake Mount Vernon, mchanganyiko wa nafaka zake ulikuwa rai asilimia 60, mahindi 35 na kimea cha shayiri 5.

Leo sheria ya Marekani inataka nafaka za baboni, wiski iliyochipuka Kentucky, ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, kiwango kilekile kinachodaiwa kwa rai katika wiski ya rai.